Kalamu ya Marehemu Mselemu

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Kabla sijaenda mbali nataka kujua goti lako linasemaje siku hizi za mvua, na kama ile dawa ya kuchua niliyompa Wekesa akuletee imefika au imekwama kwake, kama kawaida ya vitu vinavyopitia kwa mwanao huyo. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naenda ofisini na kurudi. Moyo ndio mgonjwa, na ndio ulionikalisha mezani tangu nitoke kanisani.

Ungekuwa unasikia vizuri kwenye simu ningekupigia, ingawa sijui kama ningepata ujasiri. Wekesa anasema ukipigiwa unajibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila neno, halafu ukikata unamwuliza alikuwa nani. Kwa hiyo naandika. Utaona naandika kwa biro ya ofisini, wewe uliyenifundisha kwamba mzazi haandikiwi kwa biro. Leo nivumilie, sababu utaisoma.

Ni habari ya kalamu niliyokuletea Krismasi ya mwaka juzi. Nianzie mbali kidogo, maana mengine sikuwahi kukueleza sawasawa kwa kuogopa utanicheka. Unajua napenda kalamu za wino, lakini hujui ni kwa kiasi gani. Zamani hapa Mji wa Kale palikuwa na karakana ndogo ya familia moja ya Kihindi, iliyotengeneza kalamu kwa mkono, moja moja, kutoka kwa vijiti vya mpira mgumu mweusi. Kalamu hizo hazina jina la kampuni. Alama yake ni mkato mdogo ndani ya kifuniko, umbo la ukucha, ambao mwenye karakana aliutia mwenyewe kwa patasi. Karakana ilifungwa kabla sijazaliwa, na kalamu zikakoma. Zilizobaki zimo katika masanduku ya watu waliokufa, na sisi tunaozitafuta tuko wachache, wa hapa, wa Nairobi na wa Dar, tunaandikiana kwa simu na kuoneana wivu. Miaka saba nimezitafuta. Nimeshinda Jumamosi nzima katika maduka ya vitu vya kale, nimeingia nyumba zinazobomolewa, nimenunua hata meza mbovu kwa tamaa ya droo yake. Mwishowe nilipata kumi na moja, pamoja na hiyo yako, na zote zilipitia mkono wa mtu mmoja.

Ndiye Mzee Athumani, yule niliyekuandikia sana habari zake hata ukaniuliza kama nimepata baba mwingine. Ana kiduka katika kichochoro nyuma ya Biashara Street, anatengeneza saa, miwani na kalamu. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika karakana hiyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuijua kalamu ya kweli. Nitazame rangi kwanza, kwa kuwa mpira ule mweusi ukikaa miaka mingi hugeuka hudhurungi. Nichungulie mkato kwa kioo cha kukuzia. Niisugue kwa kidole na kunusa, nisikie harufu ya kibiriti. Mimi mwanafunzi mzuri nikawa natembea na kioo mkobani, na wenzangu wa kwenye simu wakinitumia picha niwaambie ipi ya kweli na ipi ya uongo. Nilijiona mjuzi, Baba. Nilikuwa hata na sauti ya kijuzi.

Na kila kalamu ya Mzee Athumani ilikuja na mwenyewe. Hakunipa mkononi mpaka ataje jina la marehemu aliyekuwa akiitumia, anieleze alikuwa nani, kisha amwombee dua. Mimi aliniambia niombe kwa dini yangu, basi nikawa nafanya ishara ya msalaba palepale dukani, katikati ya saa zilizokufa. Kulikuwa na mwalimu wa chuo, kulikuwa na tarishi aliyewaandikia mashairi wake zake wawili, kulikuwa na bibi mmoja mkunga ambaye nitamrudia. Nilinunua kalamu na nikanunua watu. Watu hao ndio niliowapenda zaidi.

Yako ilikuwa ya marehemu Mselemu, karani wa barua. Unaikumbuka hadithi kuliko mimi: jinsi alivyoweka meza yake ndogo karibu na Ngome ya Yesu, akiwaandikia watu wasiojua kuandika, na akilia nao pale wanapolia. Wewe mwalimu mstaafu ulimpenda mara moja. Wekesa aliniambia ulimtia katika orodha ya marehemu wa kuombewa mwezi wa Novemba, na katekista akauliza Mwislamu wa Mombasa anatafuta nini katikati ya wafu wa Kimilili, ukamjibu kwamba orodha ni yako na wafu ni wa Mungu. Nilicheka siku nzima ofisini.

Halafu ikaja barua yako ya mwezi uliopita, na mfuko wa maharagwe, nimpelekee mjane wake. Nilimwomba Mzee Athumani anielekeze kwa mama huyo. Akasema yuko Lamu kwa bintiye. Wiki iliyofuata akasema amerudi lakini hajiwezi, hapokei wageni, nimwachie yeye maharagwe atayafikisha. Sikushuku kitu. Nilidhani ni adabu za watu wa Pwani, kutotaka mgeni amkute mtu kitandani. Lakini wewe ulikuwa umeandika "mkononi mwake, Nafula", na mimi neno lako silipindi. Nikamwuliza muuza kanga mmoja pale Biashara Street kama alimjua Mselemu. Akasema nani asiyemjua, mjane wake yuko Bondeni, nyumba ya mlango wa kijani mkabala na msikiti.

Bi Mwanaisha ni mzima kabisa. Nilimkuta anachambua mchele barazani. Akanikaribisha ndani, akaniuliza hali ya wazazi, ya ndugu, ya kazi, ya mvua huko bara, na sikuruhusiwa kusema kilichonileta mpaka nimekunywa kahawa na kula kaimati. Nikampa maharagwe, nikamsomea barua yako. Alisikiliza mkono shavuni. Nilipofika pale unaposema kwamba kila ukishika kalamu ya mumewe unamshukuru kwa kila mtu aliyemwandikia, akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Mwanangu," akasema, "babako ni mtu mwema. Lakini huyu mnayemsema si mume wangu. Mselemu hakujua kusoma wala kuandika. Akitia dole gumba."

Nilimwambia pengine kuna Mselemu mwingine. Akasema hakuna. Mumewe alikuwa hamali, akivuta mkokoteni wa marobota ya nguo Biashara Street tangu ujana mpaka mgongo ulipokataa. Akaniuliza ni nani aliyenipa hadithi hiyo. Nikamtaja Mzee Athumani. Akatikisa kichwa taratibu, akasema Athumani wanajuana tangu zamani, na kwamba lile kerezo la kuchongea kalamu ni Mselemu aliyelichukua kwa mkokoteni wake, siku karakana ilipofungwa, akalipeleka hadi kwa Athumani.

Nikamwuliza, kerezo gani?

"Hilo lililo nyuma ya duka lake. Laguruma mpaka leo. Ukipita asubuhi utalisikia."

Mimi sipiti asubuhi. Asubuhi niko ofisini, nagonga mihuri karatasi za makontena. Miaka saba nimekuwa nikienda pale baada ya kazi au Jumamosi alasiri, saa alizoniambia mwenyewe kwamba ndizo zinazomfaa. Nikasimama kuaga. Bi Mwanaisha alinisindikiza mlangoni, na hapo ndipo hasira yake ilipopanda, kwa upole hivyo hivyo, bila kuinua sauti. Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Uhamali una ila gani, hata mtu afe ndipo apewe ukarani?"

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja dukani.

Mzee Athumani alikuwa ameinama juu ya saa. Nikamwambia nimetoka Bondeni kwa Bi Mwanaisha. Akaweka koleo mezani, akavua miwani, akaanza kunitafutia kiti. Nikamwambia sitaki kiti, nataka kuona nyuma ya pazia. Hakubisha. Alilifungua mwenyewe. Kerezo lilikuwa pale, chuma cheusi kinachong'aa kwa mafuta, na kando yake vijiti vya mpira vimefungwa fungu moja na kamba, na patasi ndogo ya kutilia ukucha, na kifuniko kimoja kilichokuwa bado hakijamalizika. Unga mweusi ulikuwa umetapakaa sakafuni.

Nikamwuliza ngapi ni za kweli.

"Zote ni za kweli. Zote zaandika."

"Mzee, ngapi?"

"Mbili," akasema. "Mbili za mwanzo."

Tisa amezikereza yeye, Baba, na hiyo yako mojawapo. Mkato wa ukucha ni patasi ile ile. Mwenye karakana alimwachia alipohama. Vijiti ni masalio ya karakana. Na ile rangi ya hudhurungi niliyokuwa nikiitolea mahubiri kwa wenzangu, kwamba ni ya miaka na haiwezi kuigizwa, ni jua. Anazianika juu ya paa lake, na jua la Mombasa linafanya kwa mwezi kazi ya miaka hamsini. Hapo nikakumbuka Idi moja nilipoalikwa kwake nikapanda darini kupunga upepo, nikaona sinia limefunikwa wavu, na mkewe Bi Zuhura akanifuata mbio akaniteremsha, akisema ni papa anamkausha nisije nikanuka. Nikacheka, nikateremka, nikala biriani. Kwa hiyo hata Bi Zuhura alijua. Mama aliyenifundisha kupika wali wa nazi, aliyenikalisha kitandani mwake nilipougua malaria, alijua siku zote kwamba ninachezewa shere, akanipakulia nyama ya pili.

Nilimwuliza Mzee Athumani kwa nini. Nilidhani atasema umaskini, na ningemsikiliza. Hakusema hivyo.

"Siku ya kwanza ulipokuja nilikuonyesha yangu, mpya, niloikereza wiki ile ile. Waikumbuka? Uliishika, ukaitazama, ukairudisha mezani. Ukasema wewe wataka zilokoma. Basi nikakupa zilokoma."

Naikumbuka. Hilo ndilo linalonitia wazimu, kwamba naikumbuka. Ilikuwa nyeusi, nzuri, na nikaiweka chini bila hata kuifungua, kama mtu anayerudisha embe bichi sokoni. Nilimwambia angenieleza baadaye, miaka saba ni mingi, kulikuwa na siku elfu za kunieleza. Akasema kila mara alikusudia, na kila mara niliingia dukani nikiuliza mwenyewe alikuwa nani, na uso wangu ukiwa vile, ulimi ukawa mzito.

Sasa nikuambie la mkunga, kisha nitakuwa nimelitua lote. Mwezi ule tuliomzika Mama nilirudi Mombasa sijiwezi, na mtu wa kwanza niliyemwambia habari zake alikuwa Mzee Athumani. Nilimweleza vile alivyowazalisha wanawake wa kata nzima, na lile daftari lake la majina ya watoto, na vile alivyokuwa akiliandika akiwa bado hajanawa vizuri, kurasa zina alama za vidole. Alinisikiliza, akafunga duka mapema, akanipeleka kwao nikale. Miezi michache baadaye akanipatia kalamu ya bibi mmoja mkunga wa Mji wa Kale, marehemu, aliyekuwa akiandika majina ya watoto katika daftari. Nililia pale dukani. Nilidhani Mungu ameniletea. Sikuwahi kuitia wino, niliiweka chini ya mto wangu mwaka mzima.

Nikamwuliza, na ya mkunga?

Aliinamisha kichwa. "Ile nilimkerezea mamako. Na ile dua ilikuwa yake."

Baba, nilimwambia asimtaje tena mama yangu kwa kinywa chake. Nilimwambia kwa sauti ambayo hukunilea niitumie kwa mzee, hadi muuza viatu wa mlango wa pili akachungulia. Alichukua huzuni yangu akaichonga, akaianika juani, akaniuzia. Labda alilia akiichonga, sijui, na sitaki kujua. Nilitoka bila kuaga. Nikapita mbele ya Ngome ya Yesu machozi yananitiririka, na mmoja wa wale wanaowaongoza watalii akaniuliza kwa Kiingereza kama nimepotea.

Hayo ni ya wiki tatu zilizopita. Nimewaandikia wenzangu wa kwenye simu kwamba ujuzi wangu ni bure, na zile nilizowathibitishia wazikague upya. Mmoja ameniuliza huyo fundi anapatikana wapi. Sikumjibu. Kalamu nimezifungia sandukuni, nisizione. Njiani nazunguka mtaa mzima ili nisipite karibu na kichochoro kile. Nilikuwa na nyumba katika mji huu ambayo naingia bila hodi, na sasa nina chumba changu cha Tudor tu.

Hiyo kalamu yako fanya uonavyo. Sitakuomba uitupe, na sitakuomba uitumie. Lakini Bi Mwanaisha nimerudi kwake, na ana ombi. Anaomba umwandikie tena, safari hii kuhusu hamali. Amenipa maneno ya kukusaidia. Anasema Mselemu aliweza kufumba macho akanusa robota akakuambia limetoka duka gani, kwa harufu ya rangi ya kanga. Anasema alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa mkokoteni wake, aliupaka mafuta kila Ijumaa kabla ya sala. Mama mkwe wake alipopooza alimfungia godoro juu ya mkokoteni huo akamvuta mpaka hospitalini, akimsimulia njiani kila duka wanalolipita, kwa kuwa alikuwa amelala chali haoni ila anga. Huyo ndiye mtu aliyekuwa mumewe, na hajapata kuandikiwa barua hata moja inayomhusu yeye. Ukiweza, mwandikie. Nitamsomea mimi.

Nilidhani barua itaishia hapo, lakini jana kumetokea jambo. Bi Zuhura alikuja mpaka mlangoni kwangu, adhuhuri, kwa jua lile, na yeye si mtu wa kutoka. Hakutaka kuingia. Alinipa kifurushi kidogo cha kitambaa, akasema mumewe amemtuma aseme maneno haya tu: hii haina marehemu, mwenyewe yu hai. Nikamwambia asubiri. Nikaingia ndani nikaifungua. Ilikuwa kalamu nyeusi tii, haijaonja jua. Nikachungulia ndani ya kifuniko; hapakuwa na ukucha, palikuwa laini. Nikaitia wino, nikaandika jina langu, kisha jina lako, kisha la Mama. Baba, katika maisha yangu sijashika kalamu kama ile. Haikwaruzi, haisiti, imekaa mkononi kana kwamba alinipima vidole nikiwa nimelala. Zile mbili za karakana haziifikii, wala sizungumzii hizi tisa.

Nikaisafisha wino mpaka maji yakatoka meupe. Nikaifunga katika kitambaa chake, nikatoka, nikamrudishia. Bi Zuhura alikipokea kifurushi. Aliomba maji, akanywa, akanishika bega, akaenda zake. Nilitaka yule mzee aumie, nakuambia kweli yangu yote. Nilisimama mlangoni namtazama mkewe akitembea pole pole upande wa kivuli, na alipokaribia kona nilitaka kumwita. Bado angenisikia. Sikumwita.

Nisalimie Kukhu, nyanya yetu, na umwambie shuka aliyoniagiza nimeipata, ile yenye maua makubwa anayoyataka. Msalimie Wekesa na mkewe, na umkumbushe habari ya dawa. Shangazi Nasimiyu mshonaji mwambie vile vitenge vitakuja na basi la Ijumaa. Katekista naye msalimie, na akiuliza habari za orodha mwambie mwaka huu jina ni lile lile ila kazi imebadilika.

Mimi ni mwanao. Utakaponiandikia nigombeze kwanza, kisha ndipo unifariji, maana kwa sasa sijui ni lipi ninalolistahili zaidi.

Nafula